Kabla ya kuchagua kisiwa, uliza maji yatakuwa wapi

Katika chumba changu cha kazi hapa Himbi, mtaa wa Goma, kuna picha moja ambayo sijawahi kuiuza wala kuitupa. Inaonyesha ngalawa iliyolala ubavu juu ya mchanga mpana, na nyuma yake, mbali kabisa, mstari wa buluu mwembamba kiasi cha kufunikwa na ukucha. Wateja wanaokuja kuchukua picha zao za harusi huitazama kwa muda, kisha huuliza kama niliipiga baada ya mlipuko wa volkano yetu ya Nyiragongo wa Mei 2021, kwa sababu mchanga wenyewe umetoka na rangi ya majivu. Huwajibu kwamba huo ni mchanga wa Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, mweupe kuliko wowote niliowahi kuukanyaga, na kwamba kosa la rangi ni langu. Kosa la bahari kutokuwepo nilichukua muda mrefu zaidi kulikubali.

Safari hiyo ilikuwa ya mwaka 2019. Sasa nimepata tena akiba ya kwenda baharini siku sita, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikichagua kisiwa na ufukwe kwa makini ambayo mke wangu anasema sikuyaonyesha hata tulipokuwa tukitafuta kiwanja. Wapo jirani wanaoona ajabu kwamba mtu wa Goma, katika miaka kama hii, anakaa mezani usiku akilinganisha fukwe. Mimi naona kwamba mtu ambaye kazi yake ni kutazama anahitaji mara mojamoja kutazama kitu kingine.

Mara ya kwanza nilichagua kama watu wengi wanavyochagua, yaani kwa kutazama picha za watu wengine. Nyumba moja ya wageni ilikuwa imeweka kwenye tovuti yake picha ya maji ya feruzi yakigusa mizizi ya minazi, nami nikalipa siku nne papo hapo. Nilifika mnamo saa nne na nusu asubuhi, nikaweka mizigo, nikatoka na kamera shingoni, na bahari haikuwepo. Palikuwa na uwanda wa mchanga, vidimbwi, majani ya baharini yaliyolala chini na wanawake walioinama mbali sana. Nilipomuuliza msimamizi, alinijibu bila hata kuinua macho kwamba itarudi.

Ni lazima nieleze kwa nini jibu hilo lilinishangaza. Nimezaliwa kando ya Ziwa Kivu, na ziwa letu haliendi popote. Kina chake hupanda na kushuka kidogo kwa majira ya mvua, lakini mtumbwi uliofungwa bandarini jioni hukutwa asubuhi ukielea palepale ulipofungwa. Habari ya kujaa na kupwa niliisoma shuleni katika ukurasa mmoja wa jiografia, nikaijibu kwenye mtihani, na haikunijia akilini kwamba ukurasa ule ungekuja kunidai fedha za nyumba ya wageni.

Aliyenifundisha ni mvuvi mmoja mzee niliyemkuta akitengeneza tanga chini ya mkungu. Nilimsalimu kwa namna yetu, «Jambo sana, mzee», naye akanyamaza akisubiri shikamoo, ambayo huku kwetu haimo katika desturi za kila siku. Nilipoitoa, alifurahi kana kwamba nimelipa deni. Nikamuuliza maji imeenda wapi. Akacheka. «Maji yamekupwa, Mkongo,» akasema, na kuanzia hapo nikapata somo la saa nzima kuhusu bahari, likichanganyika na somo la ngeli ambalo sikuliomba.

Alichonieleza, na ambacho baadaye nilikihakikisha kwa majedwali, ni hiki. Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, ikichukua saa sita na ushei kutoka hali moja hadi nyingine, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hapo ndipo huja bamvua, wakati ambapo maji hupanda sana na kushuka sana, kiasi kwamba tofauti kati ya kujaa na kupwa huko Zanzibar hufikia karibu mita nne. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yanayosogea kwa uvivu. Mita nne kwenye mwamba wima ni alama tu ya unyevu, lakini pwani ya mashariki ya Unguja ina mteremko mdogo sana hadi kwenye mwamba wa matumbawe unaopasua mawimbi mbali huko nje, na kwa hiyo mita nne za kina hugeuka kuwa mamia ya mita za mchanga mtupu, na mahali pengine kilomita nzima. Ile nyumba ya wageni haikusema uongo. Ilionyesha saa moja ya siku ikanyamazia zile nyingine.

Kwa sababu hiyo, safari hii sikuanza na majina ya visiwa. Nilianza na daftari na kalenda ya mwezi, nikaandika swali moja: nataka maji yawe wapi, na jua liwe wapi, kwa saa ileile? Nililifurahia sana swali hili nilipogundua kwamba bahari ina tabia yake isiyobadilika. Katika siku za bamvua huko Zanzibar, maji hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kukaa hapa Goma, miezi sita kabla, akajua bila kumpigia mtu simu kama alasiri ya siku fulani atakuta bahari au atakuta uwanja wa mpira.

Baada ya maji, upande. Ufukwe unaotazama mashariki hupata macheo juu ya bahari, na alasiri jua huwa mgongoni mwa mpiga picha, likipenya maji na kugonga mchanga mweupe ulio chini, na hapo ndipo ile rangi ya feruzi huwaka. Ufukwe unaotazama magharibi hupata machweo, majahazi yakipita kama vivuli vyeusi mbele ya jua. Ndiyo maana Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, hujaa watu kila jioni wakiwa wameinua simu. Kaskazini huko kuna faida nyingine, kwamba maji hayaendi mbali sana yanapopwa, na mtu anayetaka kuogelea saa yoyote hana haja ya daftari langu. Lakini mimi siendi kuogelea, na picha ya machweo yenye jahazi katikati nimeiona mara nyingi mno hata nadhani ningeipiga nikiwa nimefumba macho.

Kisiwa kilichonishika kwa muda mrefu kuliko vyote ni La Digue, katika Ushelisheli. Kuna ufukwe huko uitwao Anse Source d'Argent, wenye majabali ya matale yaliyosuguliwa na wakati hadi yakawa na mabega na migongo kama wanyama waliolala, na umri wa miamba hiyo ni takriban miaka milioni 750. Kwangu mimi, mtoto wa makoro, yaani mawe meusi ya volkano, hili lilikuwa jambo la kusisimua. Mawe tunayojengea kuta za Goma mengine ni mapya kuliko mimi. Yale ya Januari 2002 nilishuhudia yakipita mjini yakiwa bado moto kuelekea ziwani. Nilitamani kuona jiwe ambalo limekuwa na muda wa kutulia. Aidha, maji ya Ushelisheli hayapandi wala hayashuki kama ya Zanzibar, na maji mafupi yaliyo mbele ya ufukwe huo yanalindwa na mwamba wa matumbawe, kwa hiyo hesabu ni rahisi zaidi.

Nikaanza kuchora ramani. Ufukwe unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua hutokea nyuma ya majabali na vilima, na mwanga mzuri huja alasiri. Njia ya kawaida ya kuufikia hupita ndani ya shamba la kale la L'Union, ambalo lina lango na kiingilio, na hivyo si jambo la kuamka gizani na kujiendea tu. Kutoka Mahé, kisiwa kikuu, mtu hupanda boti, kwa kawaida kupitia kisiwa cha Praslin, kisha kisiwani hutembea kwa baiskeli. Hayo yote yangewezekana. Kilichoniondoa huko ni gharama kwanza, sitaki kujifanya vinginevyo, na pili ni kwamba kila nilipofunga macho kufikiria picha nitakayopiga, niliona picha ambayo mtu mwingine amekwisha kuipiga: jabali kushoto, mnazi umeinama kulia, mtu mmoja mwenye nguo nyeupe katikati. Mahali palipopigwa picha kiasi hicho hukupangia mahali pa kusimama.

Pemba ilikuwa kinyume chake. Vumawimbi, kaskazini kabisa kwenye rasi ya Kigomasha, ni ufukwe mrefu unaotazama mashariki, na njia ya kuuendea hupita katika msitu wa Ngezi, chini ya miti mirefu ambayo ingenikumbusha njia za hifadhi yetu ya Kahuzi-Biega. Jina lenyewe linatosha kumtoa mtu nyumbani. Watu ni wachache, vilima vya kisiwa ni vya kijani, na karafuu huanikwa juu ya mikeka kando ya barabara. Nimeipenda Pemba kwa moyo wote na nimeiacha kwa sababu moja ya kawaida kabisa: sina gari, na ufukwe ulio mbali na vitanda vingi unamtaka mpiga picha awe na dereva aliye tayari kuamka saa kumi ya usiku kwa siku tano mfululizo. Nimeiweka kwa ajili ya wakati ambapo nitakwenda na mwenzangu wa kugawana naye mafuta.

Mafia niliipita haraka. Watu huiendea kwa ajili ya vilivyo chini ya maji, hasa papa potwe wanaoonekana huko kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Machi, nami sina kamera ya kuzama nayo. Rafiki yangu mmoja alinikumbusha kwa kejeli kwamba Idjwi, kilichomo katika ziwa letu la Kivu, nacho ni kisiwa, kimo katika tropiki, kina fukwe, na nauli yake ni ya boti ya asubuhi. Ana haki. Nimekipiga picha Idjwi kwa miaka kumi na miwili, na nitaendelea. Lakini Idjwi hakina chumvi.

Hivyo nimerudi kulekule nilikoshindwa, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, ila safari hii kwa kujua. Nitakaa Jambiani siku nne, kisha siku mbili Michamvi, na sababu ya Michamvi imeniletea fahari kidogo kwa kuwa niliigundua mwenyewe kwenye ramani. Michamvi ni rasi nyembamba inayoelekea kaskazini. Upande wake mmoja, Pingwe, unatazama bahari kuu na macheo. Upande wa pili, Kae, unatazama magharibi kuvuka ghuba ya Chwaka yenye mikoko. Mtu anaweza kupiga picha za jua likichomoza kutoka baharini na likizama kwenye maji siku ileile, kwa pikipiki ya dakika chache, ilhali yuko katika pwani ambayo wengi husema haina machweo.

Tarehe nimezipanga kuzunguka mwezi mpevu wa 26 Septemba 2026. Alfajiri ya siku hizo maji yatakuwa yamejaa tangu saa kumi na yameanza kurudi, kwa hiyo jua litakapochomoza kama saa kumi na mbili na dakika kumi, mchanga uliotoka tu kufunuliwa utakuwa bado na utando wa maji unaoakisi mbingu. Saa nne bahari itakuwa imekwenda zake, na safari hii nitakuwa nimeisubiri iende. Saa kumi alasiri itakuwa imerudi mpaka kwenye mizizi ya minazi, jua likiwa nyuma yangu, na hapo nitaipiga ile picha ya tovuti, mara moja tu, ili nijue kwamba tumelipana. Mwisho wa Septemba nguvu za kusi huwa zimeanza kupungua na kaskazi bado haijaingia. Mvua kubwa za masika zimepita tangu Mei na za vuli kwa kawaida bado. Ubaya wa tarehe hizo ni jua la mchana, ambalo mwanzoni mwa Oktoba hupita karibu juu kabisa ya utosi huko Unguja na kumpaka kila mtu kivuli cheusi machoni. Saa hizo nitalala.

Kinachonivuta hasa ni zile saa za bahari kuwa mbali. Wale wanawake niliowaona wameinama mwaka 2019 walikuwa wakulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na kinafuata bamvua kama vile mkulima wa Masisi, kwenye milima ya jirani na Goma, anavyofuata mvua: maji yanapokwenda mbali ndipo vigingi na kamba hufikika, na kazi lazima iishe kabla hayajarudi. Wakati ule niliwapiga kwa lenzi ndefu, kutoka mbali, bila kuomba, na ndiyo maana katika picha zangu ni nukta tu. Safari hii nitakwenda miguu mpaka waliko, bila kamera siku ya kwanza, nisalimie ipasavyo, niulize, na atakayekataa nimwache. Mtu anayefanya kazi akiwa na maji hadi magotini hastahili kugeuzwa pambo la ufukwe wa mgeni.

Kuhusu rangi ya majivu, nitaeleza kwa ufupi kwa sababu huenda ikamsaidia mwenzangu wa hapa Goma. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina weusi na weupe wa wastani. Ukikielekeza kwenye makoro, kinaona giza na kujitahidi kulifanya kijivu, kwa hiyo sisi hapa tumezoea kupunguza mwanga kwa hatua moja ili jiwe letu libaki jeusi. Mimi nilikuwa nimepunguza kwa miaka mingi hata nikasahau kwamba nimepunguza. Mchanga wa Jambiani, ambao sehemu yake kubwa ni mabaki ya matumbawe na makombe, mengine yakiwa yamesagwa na meno ya samaki aina ya pono na kutoka tumboni mwake kama unga, unahitaji kinyume chake: kuongeza hatua moja, wakati mwingine na nusu. Kamera yangu ikautia mchanga giza kwa hofu ya weupe, nami nikautia giza la pili kwa mazoea. Picha zote za siku nne zilitoka hivyo, na nyingi hazikuokoka hata kwenye kompyuta.

Nyuso ni jambo jingine. Hapa ardhi nyeusi humeza mwanga, na bibi harusi akisimama Himbi kando ya ziwa mchana hupata kivuli chini ya kidevu ambacho ni lazima nikipigie taa. Kule mchanga wenyewe ni taa. Humulika uso kutoka chini, na ngozi nyeusi hupata wororo ambao nilikuwa nauona kwenye magazeti nikidhani ni wa studio. Na kuna upeo wa macho. Kivu haina mstari mtupu: upande mmoja kuna milima ya Rwanda, kusini kuna Idjwi, na nyuma kuna volkano, kwa hiyo kamera ikiinama kidogo hakuna anayejua. Baharini mstari ni mmoja, na mkono ukitetereka kidogo tu, bahari nzima inamwagika upande wa kushoto. Nimekwisha kuwasha mistari ya msaada kwenye kioo cha kamera.

Mambo ya njia ni machache. Nitavuka mpaka kuingia Gisenyi, basi hadi Kigali, ndege hadi Dar es Salaam, kisha boti inayochukua saa mbili hivi kwenda Unguja. Droni nitaiacha nyumbani, kwa kuwa Tanzania inataka kibali chake maalumu na mimi sitaki kukaa ofisini wakati wa bamvua. Nimeweka kando pesa za bima ya safari ambayo Zanzibar imekuwa ikiwadai wageni tangu Oktoba 2024. Nimenunua vitambaa laini vya kufutia chumvi, ambayo hutua juu ya lenzi hata kama hujakaribia maji, na nimejiwekea sheria ya kutobadilisha lenzi ufukweni.

Wiki iliyopita nilimpigia simu yule mzee wa Jambiani, ambaye namba yake nilikuwa nimeitunza miaka yote hii. Nilianza na shikamoo. Nikamwambia kwamba nitakuja kwenye bamvua ya mwezi mpevu wa Septemba na kwamba ningependa anipeleke kwa ngalawa hadi karibu na mwamba maji yakiwa yanajaa, ili niipige pwani nikiwa upande wa bahari. Alinyamaza kidogo akihesabu, kisha akanitajia saa ya kuondoka bila kutazama jedwali lolote, nayo ikatofautiana na yangu kwa dakika chache tu. Akasema niache viatu vizuri nyumbani na nilete vya kukanyagia miiba. Tulipofika kwenye malipo, alitaja bei ya haki, akaongeza kwamba anataka pia kipande cha fromaji, yaani jibini, ya Masisi kama kile nilichomwachia mara ya kwanza. Sasa ninachotafuta ni namna ya kukifikisha salama katika joto lile, siku tatu barabarani.